Shin Sang-ok: Mwongozaji wa filamu aliyetakiwa na watawala wa Korea zote mbili

WAKATI Shin Sang-ok alipofariki dunia jijini Seoul, Aprili 11, 2006, akiwa na umri wa miaka 79, magazeti mengi ya nje yalimkumbuka kwa jambo moja: kwamba alikuwa mwongozaji wa filamu aliyetekwa nyara na Korea Kaskazini ili amtengenezee sinema Kim Jong-il.

Mkasa huo unasisimua, lakini umefunika sehemu kubwa ya maisha ya mtu huyo. Kabla ya kutekwa, Shin alikuwa ameshaongoza makumi ya filamu, amemiliki studio kubwa kuliko zote nchini mwake, amekuwa karibu na ikulu ya Korea Kusini, na hatimaye amefungiwa kazi na utawala huo huo uliomkuza. Aliyemteka hakumwokota mtu asiyejulikana. Alimchukua mwongozaji bora aliyekuwa hana pa kufanyia kazi.

Shin alizaliwa Oktoba 1926 katika mji wa Chongjin, pwani ya kaskazini-mashariki ya rasi ya Korea, wakati nchi hiyo ikiwa koloni la Japani. Eneo hilo leo ni sehemu ya Korea Kaskazini, hivyo huko alikokuja kupelekwa kwa nguvu ndiko hasa ulikozikwa kitovu chake. Baba yake alikuwa tabibu wa tiba za asili. Kijana huyo alipelekwa Tokyo kusomea sanaa ya uchoraji, na jicho la mchoraji halikumtoka tena. Hata filamu zake dhaifu zina picha ambazo mtu hazisahau upesi.

Ukoloni wa Japani ulikoma mwaka 1945. Mwaka uliofuata Shin alipata kibarua cha kusaidia kutengeneza mandhari katika Jayu manse, yaani "Uhuru Udumu", filamu ya Choi In-kyu iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kutengenezwa baada ya Wajapani kuondoka. Choi ndiye aliyemfundisha kazi. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, mwalimu huyo alichukuliwa na majeshi ya Kaskazini na hakurudi tena. Wakati huo hakuna aliyeweza kudhani kwamba mwanafunzi wake angefuata njia hiyo hiyo miaka 28 baadaye.

Filamu ya kwanza ya Shin, Akya, ilitoka mwaka 1952 wakati mizinga ikiendelea kulia. Muda si mrefu baada ya hapo alifunga ndoa na Choi Eun-hee, mwigizaji aliyeanzia katika michezo ya jukwaani na ambaye jina lake lilikuwa tayari linafahamika kuliko la mwongozaji huyo. Kuanzia hapo si rahisi kusimulia maisha ya mmoja bila ya mwingine. Yeye aliongoza, mkewe aliigiza, na fedha za mlango wa majumba ya sinema zilirudi kwenye filamu iliyofuata.

Kazi iliyomtofautisha na wenzake ni Jiokhwa, "Ua la Jehanamu", ya mwaka 1958. Inamhusu kijana kutoka shamba anayekuja Seoul kumtafuta kaka yake. Anamkuta kaka huyo akiishi kwa kuiba mali katika ghala za jeshi la Marekani, pamoja na mwanamke aitwaye Sonya anayejiuza kwa askari wa kigeni. Sonya anamtamani yule mdogo mtu, na kutokana na tamaa hiyo watu wanakufa.

Choi Eun-hee, ambaye watazamaji walimzoea katika nafasi za wake watiifu na mama wavumilivu, ndiye aliyekuwa Sonya. Shin alipeleka kamera katika mitaa halisi ya mji uliotoka vitani, penye magendo, matope na majengo yaliyobomoka. Mapigano ya mwisho yanafanyika kwenye tope zito, wahusika wakianguka na kuinuka hadi mtu hajui tena nani ni nani. Hakuna hotuba wala mawaidha. Kwa nchi iliyokuwa ikitegemea misaada na ulinzi wa Wamarekani, kuonyesha maisha ya pembezoni mwa kambi zao kwa uwazi wa namna hiyo hakukuwa jambo dogo.

Miaka hiyo ndiyo wanahistoria wa sinema wanayoiita enzi ya dhahabu ya filamu za Korea Kusini. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 nchi hiyo maskini ilikuwa inatoa filamu zaidi ya 100 kwa mwaka. Mapinduzi ya umma ya Aprili 1960 yalimwondoa madarakani Rais Syngman Rhee, na kwa kipindi kifupi mkono wa wakaguzi ukalegea. Katika upenyo huo Kim Ki-young alitoa Hanyeo, "Mtumishi wa Ndani", na Yu Hyun-mok akatoa Obaltan, "Risasi Iliyopotea". Mpaka leo filamu hizo mbili hutajwa miongoni mwa bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa nchini humo.

Shin hakuwa na ukali wa Kim wala huzuni nzito ya Yu. Kipaji chake kilikuwa kingine: aliweza kuipa hadhira kubwa ilichokitaka, na ndani yake akatia kitu ambacho haikukitarajia.

Mwaka 1961 ndio uliothibitisha hilo. Mwanzoni mwa mwaka huo, yeye na mwongozaji mwenzake Hong Seong-ki waliingia sokoni karibu wakati mmoja na hadithi ile ile, kisa cha kale cha Chunhyang, binti wa mwanamke mtumbuizaji anayekataa kuivunja ahadi yake ya mapenzi hata anapoteswa na gavana. Kila mmoja alimpa mkewe nafasi ya Chunhyang. Filamu zote mbili zilikuwa za rangi na za skrini pana, mambo yaliyokuwa mageni na ya gharama kubwa. Wakosoaji wa wakati huo waliona mwigizaji wa Hong, Kim Ji-mee, kuwa na faida ya ujana. Lakini Shin ndiye aliyeshinda, tena kwa tofauti kubwa, na filamu yake ikaweka rekodi ya mauzo jijini Seoul. Mapato hayo yakawa mtaji wa kampuni yake, Shin Film.

Mwaka huo huo alitoa filamu ya kimya zaidi na pengine bora kuliko zote alizofanya, Sarangbang sonnim-gwa eomeoni, "Mgeni wa Sebuleni na Mama". Inatokana na hadithi fupi ya Chu Yo-sup ya mwaka 1935 na inasimuliwa na msichana mdogo, Ok-hui. Mama yake ni mjane kijana anayeishi na mama mkwe katika nyumba yenye heshima. Rafiki wa marehemu mumewe anakuja kupanga chumba cha wageni. Mila hairuhusu mjane kuolewa tena kirahisi, hata kuongea na mgeni huyo uso kwa uso ni tatizo, hivyo mtoto ndiye anayebeba salamu, maua na maneno kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine bila kuelewa anachokibeba.

Mtoto anagundua kwamba mgeni anapenda mayai ya kuchemsha kama yeye. Basi mama anaanza kununua mayai mengi zaidi kwa muuzaji anayepita. Mgeni anapoondoka, ununuzi huo unakoma. Mapenzi yote ya filamu hiyo yamo katika hesabu hiyo ya mayai, na mtazamaji hahitaji kuambiwa zaidi. Filamu hiyo ilitwaa tuzo ya filamu bora katika Tamasha la Filamu la Asia mwaka 1962.

Lakini kabla mwaka 1961 haujafika nusu, Mei 16, Jenerali Park Chung-hee alikuwa amekwishatwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi. Filamu ya Yu, Obaltan, ilipigwa marufuku kwa muda kwa kuonyesha nchi iliyokata tamaa. Shin alikwenda njia tofauti. Filamu yake Sangnoksu, inayomhusu mwanamke kijana anayejitolea kufundisha watoto wa kijijini, ililingana vyema na wito wa utawala mpya wa kujenga vijiji. Inasimuliwa kwamba Park mwenyewe aliipenda mno.

Mwaka 1962 serikali ilipitisha sheria ya filamu iliyotaka kila kampuni iwe na studio, kamera na taa zake, waigizaji wenye mikataba, na uwezo wa kutoa filamu 15 kwa mwaka. Lengo lilikuwa kujenga makampuni makubwa kwa mfano wa Hollywood, na pia kurahisisha udhibiti, kwani ni rahisi kuzisimamia kampuni chache kuliko utitiri wa watayarishaji wadogo. Makampuni mengi yalikuwa yamekwisha kuunganishwa kwa amri au kufa, yakabaki chini ya 20. Sheria iliyowaua wengine ilimnenepesha Shin. Yeye ndiye aliyekuwa na mtaji, watu na jina.

Kampuni yake iliajiri mamia ya watu. Mwaka 1964 alitoa Ppalgan mahura, "Skafu Nyekundu", inayohusu marubani wa kivita, kwa msaada wa jeshi la anga lililotoa ndege halisi. Filamu hiyo iliuzwa hadi Taiwan na Japani. Alishirikiana na kampuni ya Shaw Brothers ya Hong Kong katika filamu za kihistoria zenye majumba ya kifalme na maelfu ya askari. Mwaka 1966 akanunua studio kubwa ya Anyang, kusini mwa Seoul.

Hapo ndipo kamba ilipoanza kukaza. Studio ya ukubwa huo ililazimika kutoa filamu mfululizo ili ilipe mishahara na madeni, ziwe nzuri ama mbaya. Kibali cha kuingiza filamu za kigeni, ambacho ndicho kilicholeta faida ya hakika, kilifungamanishwa na utengenezaji wa filamu za nyumbani, hivyo makampuni yakawa yanalipua kazi ili kupata kibali. Orodha ya filamu za Shin za mwishoni mwa miaka ya 1960 ni ndefu kuliko ubora wake. Televisheni nayo ilikuwa inaingia majumbani.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika kisa hiki zimwi lilibakisha kidogo sana. Mwaka 1972 Park alijiongezea madaraka kwa katiba mpya, na ukaguzi wa filamu ukawa mkali kuliko wakati wowote. Shin, aliyezoea kusikilizwa, alibishana na wakaguzi waziwazi. Novemba 1975 kampuni yake ilifutiwa leseni baada ya tangazo la filamu yake moja kuonekana likiwa na kipande ambacho wakaguzi walikuwa wamekikataa. Mtu aliyekuwa ametengeneza zaidi ya filamu 60 akawa haruhusiwi kutengeneza hata moja. Ndoa yake nayo ilivunjika mwaka 1976, baada ya kubainika kwamba alikuwa na watoto na mwigizaji mwingine kijana.

Choi Eun-hee alibaki akiendesha shule ya sanaa huko Anyang, nayo ilikuwa na uhaba wa fedha. Januari 1978 alialikwa Hong Kong na mtu aliyejitambulisha kama mfanyabiashara wa filamu. Huko alipakizwa kwenye boti kwa nguvu na kusafirishwa kwa meli hadi bandari ya Nampo, Korea Kaskazini. Aliyesimama gatini kumpokea, kwa mujibu wa maelezo yake, alikuwa Kim Jong-il, mwana na mrithi mtarajiwa wa mtawala Kim Il-sung.

Kim mdogo alikuwa mpenzi wa sinema wa kupindukia. Alikuwa na hazina ya maelfu ya filamu kutoka duniani kote, ambazo wananchi wake walikatazwa kuziona, na mwaka 1973 alikuwa amechapisha kitabu kizima kuhusu sanaa ya filamu. Alijua, kwa kuwa alikuwa na cha kulinganisha, kwamba filamu za nchi yake hazikuwa nzuri.

Shin alikwenda Hong Kong kumtafuta mke wake wa zamani, na Julai 1978 naye akatoweka. Alisimulia baadaye kwamba alivikwa mfuko kichwani na kupelekwa melini. Kinyume na Choi, aliyewekwa katika nyumba ya kifahari chini ya ulinzi, Shin alijaribu kutoroka mara mbili. Kosa hilo lilimpeleka gerezani kwa miaka kadhaa, akila majani, chumvi na wali kidogo, na kulazimishwa kukaa kitako kwa saa nyingi bila kujitikisa. Aliachiwa mapema mwaka 1983. Machi mwaka huo aliingizwa katika dhifa moja jijini Pyongyang na kumkuta Choi, ambaye hakuwa na habari kwamba Shin yuko nchini humo. Kim alikuwa amewakutanisha mbele ya wageni kama mtu anayeongoza filamu yake mwenyewe.

Oktoba 1983 wawili hao walifanya jambo ambalo lingeweza kuwagharimu uhai. Walificha kinasa sauti na kurekodi mazungumzo yao na Kim. Katika kanda hiyo anasikika akilalamika kwamba filamu za nchi yake zinarudia mambo yale yale na kujaa vilio, na akieleza ni kwa nini alimtaka Shin. Kanda hiyo baadaye ikawa ushahidi wao mkubwa.

Katika muda wa takriban miaka miwili Shin alitengeneza filamu saba Kaskazini. Yaliyomshinda Kusini, yaani fedha, vifaa na muda, huko aliyapata kwa kutamka tu. Alikwenda Prague kupiga picha za filamu kuhusu wajumbe wa Korea waliotumwa The Hague mwaka 1907 kuilalamikia Japani. Kwa ajili ya Talchulgi, simulizi ya familia ya Kikorea inayotangatanga Manchuria, aliomba treni ya kulipua. Akapewa treni halisi. Shin aliwahi kusema kwamba anaiona filamu hiyo kuwa bora katika kazi zake zote, kauli ambayo haikuwafurahisha wengi Seoul. Katika Sogeum, "Chumvi", Choi aliigiza mama fukara anayefanya magendo ya chumvi, na mwaka 1985 akatunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika Tamasha la Filamu la Moscow.

Kisha ikaja Pulgasari. Mafundi waliozoea kutengeneza filamu za Godzilla waliletwa kutoka Japani. Filamu hiyo inasimulia mhunzi mzee aliyefungwa na mfalme dhalimu, anayefinyanga kisanamu kwa punje za wali kabla ya kufa. Kisanamu kinapata uhai, kinakula chuma na kuwa dubwana kubwa. Dubwana linawasaidia wakulima kumwangusha mfalme, lakini vita vikiisha njaa yake haiishi. Linaanza kula majembe na masufuria ya wale wale liliowakomboa. Watazamaji wengi wameona humo mfano wa mapinduzi yanayowala waliyoyafanya, au wa Kim Il-sung mwenyewe. Shin alikanusha kwamba alikuwa na nia hiyo. Baada ya kutoroka, jina lake liliondolewa kwenye filamu hiyo.

Kutoroka kwenyewe kulitokea Vienna, Machi 13, 1986. Kim, ambaye sasa aliwaamini, aliwaruhusu kusafiri kutafuta washirika wa kutengeneza filamu kuhusu Genghis Khan. Wakiwa pamoja na mwandishi wa habari wa Kijapani waliyemfahamu, walipanda teksi, wakaipotea gari la walinzi wao katika msongamano, wakakimbilia ubalozi wa Marekani.

Korea Kaskazini ilidai kwamba walikwenda kwa hiari yao na wakaondoka na fedha zake. Kusini nako kulikuwa na waliotilia shaka, wakihoji kwamba mtu aliyefungiwa kazi alikuwa na kila sababu ya kwenda kwa miguu yake. Ukweli ni kwamba shaka hiyo ilimfuata hadi kaburini. Lakini kanda zipo, na miaka ya gerezani ni vigumu kuieleza kwa mtu aliyekwenda kwa hiari. Kwamba alifurahia kupewa treni ya kulipua ni jambo jingine, na hakulificha.

Akihofia sheria ya usalama wa taifa ya Korea Kusini, inayoadhibu mawasiliano na Kaskazini, Shin aliishi Marekani kwa miaka kadhaa. Huko, kwa jina la Simon Sheen, alitayarisha filamu ya watoto ya 3 Ninjas ya mwaka 1992, iliyofanya vizuri sokoni, na akaongoza mojawapo ya zilizofuatia. Kwa Korea alitengeneza Mayumi mwaka 1990, kuhusu mwanamke wa Kaskazini aliyeilipua ndege ya abiria ya Korea Kusini mwaka 1987. Mwaka 1994 alitoa nyingine kuhusu mkuu wa zamani wa shirika la ujasusi la Park, aliyetowekea Paris mwaka 1979. Mwaka huo wa 1994 aliketi katika jopo la waamuzi wa Tamasha la Cannes. Filamu zake za mwisho hazikupata tena watazamaji wa zamani, na ile ya Genghis Khan hakuitengeneza kamwe.

Alirejea Seoul kuishi na Choi, akafanyiwa upandikizaji wa ini mwaka 2004, na miaka miwili baadaye akafariki. Siku moja baada ya kifo chake, serikali ya Rais Roh Moo-hyun ilimtunuku nishani ya juu kabisa ya utamaduni. Choi Eun-hee alifariki Aprili 16, 2018, akiwa na umri wa miaka 91, miaka miwili baada ya filamu ya maelezo The Lovers and the Despot kuwasikilizisha walimwengu zile kanda za siri.

Jiokhwa na ile ya mjane na mayai zinahifadhiwa na taasisi ya taifa ya kuhifadhi filamu ya Korea Kusini, ambayo imeziweka kwenye mtandao wa intaneti pamoja na nyingine nyingi za enzi hiyo, na mtu yeyote anaweza kuzitazama bila malipo.